Masharti ya Mwizi wa Mama Mdogo

Kila jioni, akishanawa miguu, Kapteni aliketi kwenye kiti kirefu cha sebuleni, akavaa miwani yake iliyofungwa uzi upande mmoja, akafungua daftari la jalada la kijani na kuwalaani wezi.

Daftari lile lilikuwa na orodha. Hendeli ya kuwashia gari: imeibwa. Kifuniko cha gurudumu la mbele: kimeibwa. Sanduku la chuma la spana: limeibwa, pamoja na kufuli lake. Kioo cha pembeni, kile cha duara: kimeibwa siku ya mvua. Na mwisho kabisa, kwa wino mwekundu, benchi la nyuma.

"Hao wengine ni wezi," Kapteni alikuwa akisema, akikipigapiga kiti alichokalia kwa uchungu. "Lakini huyu aliyebeba benchi zima mchana kweupe, na miguu yake ya chuma, huyu si mwizi. Huyu ni jini!"

"Pole, baba watoto," mkewe aliitikia kutoka kwenye cherehani yake, bila kuinua macho. Angeinua macho angecheka, na angecheka mambo yangeharibika, kwa sababu benchi la nyuma ndilo Kapteni alilokuwa amelikalia. Miaka minne sasa alikuwa akiliomboleza huku amelikalia.

Mke huyu mtaa mzima ulimwita Mama Pindo. Alikuwa mshonaji wa nguo, na hakuna kitu kilichoingia nyumbani kwake kikabaki uchi. Redio ilikuwa na gauni. Mtungi wa gesi ulikuwa na sketi. Kwa hiyo benchi la chuma lilipoingia sebuleni likiwa limevaa kava la maua mekundu lenye marinda mpaka sakafuni, Kapteni aliliona kama anavyoona kila kitu kisicho na magurudumu, yaani hakuliona. Alilikalia tu, akasema, "Afadhali umenunua kiti."

Gari lenyewe lilikaa uani, chini ya paa la bati. Kapteni alikuwa dereva wa wapima ardhi kwa miaka ishirini na sita, akiwapitisha kwenye matope na mawe kwa gari la fobaifo, fupi la mraba, lenye paa la turubai na kioo cha mbele kinacholala juu ya boneti. Ofisi ilipoamua kuuza magari machakavu, yeye alilinunua lile lile alilokuwa akiliendesha. Lilikuja na rangi yake ya nyasi kavu, na kibonyeo ubavuni alichokijua kwa tarehe. Jina la Kapteni alipewa na majirani, kwa jinsi alivyokaa wima kwenye usukani kama yuko melini.

Na jina la gari lilitoka kwa binti yao kitinda mimba. Siku moja, akiwa na miaka sita, alimkuta baba yake akizifuta taa za mbele kwa taulo jipya la mama, polepole, kama anamfuta mtu uso. Mtoto akatazama, akauliza, "Mama, huyu ndiye mama mdogo?"

Mama Pindo alicheka mpaka akakaa chini. Lakini jina halikutoka tena. Hata Kapteni mwenyewe alianza kusema, "Leo Mama Mdogo amekohoa kidogo."

Wizi ulianzia kwenye komeo. Komeo la mlango wa uani lilikuwa limekatika, na Mama Pindo ni mtu wa kuhesabu milango. Asiposikia komeo likilia mahali pake hapati usingizi. Kapteni aliahidi kulirekebisha Jumamosi. Jumamosi ikafika, akashinda chini ya gari. Jumamosi ya pili akashinda chini ya gari. Ya tatu, Mama Pindo alitoka uani, akaichukua hendeli, ile fimbo ya chuma iliyopinda ambayo huingizwa mbele ya gari na kuzungushwa ili injini iwake, akaishonea kitambaa cha buluu, akaipitisha nyuma ya mlango kama kipingo. Akalala fofofo.

Asubuhi Kapteni alipiga kelele, "Nimeibiwa!" Mama Pindo alifungua kinywa aseme, akamwona mumewe jinsi alivyovimba. Akafunga kinywa. Kesho nitasema, alijiambia. Kesho yake ikawa miaka tisa.

Baada ya hapo alijiwekea sheria. Ahadi moja iliyovunjwa, kitu kimoja kutoka kwa Mama Mdogo. Rafu ya jikoni haikupigwa misumari, sanduku la spana likawa sanduku la nyuzi. Bomba la kuogea halikuzibwa, kifuniko cha gurudumu kikawa sahani ya pini. Dirisha la chumba cha kushonea halikurekebishwa, kioo cha duara kikawa cha wateja kujitazamia kola. Na paa la jiko lililovuja masika mawili mazima, hilo lilikuwa benchi. Ila kitu cha usalama hakukigusa hata siku moja. Breki, taa, usukani, hivyo viliogopwa kama moto. Kapteni akitoka na gari, Mama Pindo alisimamisha cherehani, akasikiliza injini mpaka ipotee, na hakushona sawasawa mpaka aisikie ikirudi.

Kitu kimoja tu kilimkereketa. Mdogo wake wa kiume alikuwa na gereji pale kwenye kona, na Kapteni alishampa kesi.

"Nani mwingine atajua thamani ya hendeli?" Kapteni alisema siku lilipopotea benchi. "Shemeji yangu huyo! Ana spana mikono yote miwili!"

Tangu siku hiyo shemeji hakukanyaga pale. Alipita nje ya ua, akamsalimia dada yake kupitia tundu la bati, akaenda zake. Mama Pindo alikuwa akirudi kwenye cherehani yake, akishona vibaya, akifumua.

Basi mambo yakaenda hivyo mpaka lilipobandikwa tangazo la ofisi ya mji. Magari mabovu yanayokaa kwenye nyua za watu yataburutwa kupelekwa kwenye chuma chakavu. Litakalosalia ni lile tu lenye cheti cha gari la kumbukumbu, na cheti kinatolewa na mthamini. Mwisho ni Ijumaa.

Mthamini alikuja Jumatatu. Kapteni alikuwa amenyoa ndevu akimsubiri mzee mwenzake. Akaingia msichana mwenye viatu vyeupe na mkoba wa mgongoni.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," alisema Kapteni. "Baba yako mthamini yuko nyuma?"

"Mthamini ni mimi, mzee."

Alitandika gunia akalala chini ya gari na viatu vyake vyeupe. Akasoma namba ya chasisi kwa tochi, akailinganisha na kadi. Kisha akatoa sumaku iliyovishwa soksi, akaanza kuitembeza juu ya mabati ya gari, hatua kwa hatua, kama daktari na kifua cha mgonjwa.

"Ya nini hiyo?" Mama Pindo aliuliza. Soksi ilimvutia.

"Nikiona inateleza, najua chini ya rangi kuna puti ya kuzibia matundu ya kutu, mama. Hapa inang'ang'ania kila mahali. Mzee, gari hili ni lenyewe!"

Kapteni aliinamisha kichwa kama bwana harusi.

"Na turubai hili, kalishona nani?"

"Mimi," alisema Mama Pindo.

"Mshono mara mbili, kama wa kiwandani. Hongera, mama."

Mama Pindo alifurahi, halafu akajichukia kwa kufurahia sifa za Mama Mdogo. Mthamini akafungua boneti, akachungulia ndani kwa muda, akasema, "Mzee, humu kuna vitu visivyo vya gari. Viondolewe." Kapteni akaifunga boneti haraka, karibu imkate vidole. Mama Pindo aliiona ile haraka, akadhani ni aibu ya kutu.

Kisha ukaja upande mbaya. Mthamini alisoma karatasi yake: hendeli, hakuna. Kifuniko cha gurudumu, hakuna. Sanduku, kioo, benchi, hakuna.

"Vitano vyote vya asili havipo, mzee. Siwezi kusaini. Vikipatikana kufikia Ijumaa, na gari likiwaka mbele yangu bila kusukumwa, cheti ni chako."

Mama Pindo, kwa kukosa la kufanya, akamkaribisha mgeni chai. Msichana aliingia sebuleni, akaketi kwenye kiti cha maua mekundu, akaiweka soksi yake ya sumaku pembeni ya goti. Soksi ikavutwa, ikajigonga kwenye marinda. Tak!

Msichana aliivuta. Ikagoma. Aliutia mkono chini ya marinda, akapapasa mguu wa chuma mpaka mwisho, akakipapasa na kichwa cha skrubu. Akainua macho. Mama Pindo alikuwa amesimama na birika.

"Kiti kizuri, mama," alisema mthamini taratibu.

"Ni cha zamani."

"Naona." Akanywa chai yake yote bila kuongeza neno. Mlangoni akasema kwa sauti ya kusikika mpaka uani, "Mzee, usikate tamaa. Mimi nahisi vitu hivyo haviko mbali."

Jumanne asubuhi Mama Pindo alichungulia dirishani. Kapteni alikuwa ameketi kwenye usukani, mkono juu ya gia, gari limezimwa. Haendi popote. Alikuwa akiiweka gia ya kwanza, anaitoa, anaiweka tena.

Miaka yote alikuwa akiomba hili likokoteni litoke uani apate pa kuanika. Sasa angenyamaza tu mpaka Ijumaa, lingetoka. Alijaribu kuiona kamba ya kuanikia pale penye gari, na mashuka yakipepea, lakini kila alipoiona kamba, alimwona na Kapteni amesimama kando yake, hajui mikono aiweke wapi.

"Aa, wapi," alisema peke yake. Ila kurudisha bure, hapo alikataa. Tena akifikiria paa la jiko! Alitoka uani na kikombe cha chai.

"Baba watoto, nina habari. Kuna mteja wangu, ndugu yake anamjua mwizi."

Kapteni alishuka kwenye gari kama kijana. "Yuko wapi? Nipe fimbo!"

"Tulia. Yuko tayari kurudisha. Kimoja kimoja. Lakini ana masharti."

"Mwizi ana masharti?"

"Anasema kwanza urekebishe komeo la mlango wa uani."

Kapteni alimtazama. "Komeo langu linamhusu nini?"

"Nitajuaje? Labda lilimsumbua alipokuwa akiingia."

Kapteni alitafuna mdomo. Ghafla uso wake ukafunguka, akapunguza sauti. "Ahaa. Nimemjua. Ni ndugu yako. Anakuonea huruma dada yake, ndiyo maana. Wewe unamficha!"

Mama Pindo alijikausha. "Mimi nimetumwa tu. Unarekebisha, hurekebishi?"

Alirekebisha. Ili kufika kwenye komeo ilibidi akitoe kile kipingo cha kitambaa cha buluu. Alikipima mkononi, akakitumia kugongea misumari.

"Hiki chuma chako kimekaa vizuri mkononi. Umekipata wapi?"

"Nilikiokota uani," alisema Mama Pindo, na hakusema uongo.

Alipokwenda kuoga, hendeli ilivuliwa kitambaa, ikalazwa juu ya kiti cha dereva. Kapteni aliikumbatia na taulo kiunoni.

Kuanzia hapo mambo yakawa mbio. Jumatano asubuhi mwizi alitaka rafu ya jikoni. Mchana alitaka bomba lizibwe. Jioni alitaka dirisha la chumba cha kushonea lifunguke bila kupigwa teke. Kapteni alishinda na nyundo, Mama Pindo amesimama nyuma yake kila dakika, anachungulia, asije akalipua kazi.

"Huna nguo za kushona wewe?" Kapteni alilalamika. "Kila nikigeuka uko uani! Mtu hata nafasi ya kufungua boneti hapati."

"Boneti siyo sharti. Piga msumari."

Alhamisi, kifuniko, sanduku na kioo vikiwa vimerudi, Mama Pindo alivuta pumzi, akapiga moyo konde.

"Leo mwizi anataka uende gereji. Umwombe radhi shemeji yako."

Nyundo ilianguka. "Nimwombe radhi mwizi? Kaniibia, halafu nimwombe radhi?"

"Ndivyo alivyosema."

"Huyu ndugu yako ana kiburi!"

Alikwenda, kwa sababu benchi lilikuwa bado. Mama Pindo alisimama kwenye tundu la bati akitazama kona. Aliwaona wawili wamesimama mbele ya gereji, Kapteni ametoa kofia. Walikaa vile kitambo, kisha akamwona mdogo wake akifuta mikono kwenye ovaroli, anafuta na macho. Hapo Mama Pindo aliondoka kwenye tundu, akaenda kukoroga sufuria isiyo na kitu.

Shemeji alikuja kwa chai jioni ile ile, mara ya kwanza baada ya miaka minne. Akajitupa kwenye kiti cha maua mekundu. Chuma kikalia. Fundi huwa anakijua chuma kwa makalio. Alipapasa chini ya marinda, macho yakamtoka.

"Dada..."

"Kunywa chai, itapoa."

"Lakini dada, hiki si..."

"Sukari inatosha?"

Ijumaa mthamini alifika saa tatu asubuhi. Aliweka alama mbele ya hendeli, kifuniko, sanduku, kioo.

"Benchi?"

Kapteni alimgeukia mkewe kwa unyonge. "Mama watoto, mwizi anasemaje kuhusu benchi?"

Sharti lilikuwa tayari mdomoni mwa Mama Pindo: paa la jiko, bati nne mpya. Alikuwa ameliandaa wiki nzima. Lakini mthamini alishainua boneti.

"Mzee, si nilisema hivi viondolewe?"

Mkono wake ukatoka na chujio la chai, lililokuwa limekaa kwenye njia ya maji. Ukaingia tena, ukatoka na mkasi mkubwa wa kukatia nguo, uliokuwa umeushikilia waya wa mafuta. Mwisho akaufungua ukanda wa ngozi uliofunga betri isicheze, ukanda mrefu wa duara, ule unaozungusha gurudumu la cherehani ya miguu.

Ukanda ule Mama Pindo aliulilia. Mwaka mzima alishonea kamba ya kitambaa iliyosokotwa. Mkasi ulikuwa wa mama yake. Na chujio, kwa ajili ya chujio hakuwa akimsalimia jirani wa mkono wa kushoto huu mwaka wa saba.

"Kapteni," alisema. Alipomwita hivyo, hata kuku walikaa mkao wa kusikiliza.

"Naam."

"Uliniambia ni panya."

"Nilisema *labda* ni panya."

"Panya anakula mkasi?"

"Nilitaka kuvitoa tangu Jumatatu!" Kapteni alilia. "Lakini kila nikigeuka uko nyuma yangu na masharti ya mwizi!"

Mama Pindo alimtazama mdogo wake, aliyekuja kushuhudia na sasa anatazama angani kwa bidii kubwa. Kisha akageuka, akaingia ndani. Kulisikika kitambaa kikichanika, kwa kuwa hakuwa na subira ya kufumua. "Wewe, njoo unishikie!" akamwita mdogo wake, nao wakatoka wameshika ncha hii na ncha ile, benchi likiwa uchi, chuma chake cha rangi ya nyasi kavu kikimeta.

Wakaliweka chini. Kapteni alilitazama benchi. Akatazama mlango wa sebuleni. Akalitazama tena.

"Nimelikalia," alisema.

"Miaka minne."

"Nikililia."

"Mimi nikikupa pole."

"Na nimemwomba radhi huyu..." Alimnyooshea shemeji kidole, akashindwa kumaliza, kwa sababu mthamini alikuwa ameshajikunja juu ya boneti anacheka, karatasi zake zimetapakaa chini. Shemeji akafuata. Kapteni alivumilia, mashavu yakimtetemeka, mpaka Mama Pindo aliposema, "Jini hilo, baba watoto," ndipo akakaa kwenye benchi lake na kuangua kicheko mpaka miwani ikakatika uzi.

Lililobaki lilikuwa gari kuwaka. Bila mkasi na ukanda, shemeji alifunga waya na betri kwa vifaa halali, akiimba. Kapteni akaingiza hendeli, akazungusha mara moja. Kimya. Mara ya pili. Mama Pindo alijikuta amefumba macho, amekamata aproni yake. Mara ya tatu Mama Mdogo akakohoa, akatetemeka, akanguruma.

Mthamini alisaini juu ya boneti iliyokuwa ikitikisika, ndiyo maana saini ile imepinda mpaka leo. "Mama," alinong'ona akiaga, "nitakuja kukagua kila mwaka. Vitu viwe vya gari. Vinalala wapi, karatasi yangu haiulizi."

Alasiri ile Mama Pindo alichukua chujio lake, akalisugua kwa majivu, akaenda kugonga kwa jirani wa mkono wa kushoto. Alichosema huko hakumwambia mtu, lakini alirudi amechelewa na mashavu yanang'aa.

Cheti kilitundikwa sebuleni, katika fremu. Chini yake hapakuwa na kiti, kwa hiyo siku hizo chai ya jioni ilinywewa uani, wawili wameketi kwenye benchi la nyuma lililorudi ndani ya Mama Mdogo, miguu inaning'inia nje.

"Paa la jiko nitaliezeka Jumamosi," Kapteni aliahidi.

Jumamosi ilifika, akashinda chini ya gari. Jumapili asubuhi alitoka uani na chombo cha mafuta, akainama mbele ya gari, akapapasa. Hendeli haikuwepo. Akakagua chini ya kiti, akakagua nyuma ya magurudumu. Kisha akasimama wima, akatazama kuelekea chumba cha kushonea, ambako cherehani ilikuwa ikienda kwa kasi ya ajabu kwa siku ya Jumapili.

Hakulifuata daftari la kijani. Alikunja mikono ya shati, akaichukua ngazi ukutani.

"Mama watoto!" aliita. "Mwizi amesema bati ngapi?"